Swichi Iliyoandikwa "Usiguse"

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tulifundishwa tungali shule ya msingi, nasi tukaizoea kama wimbo wa kusifu subira na akiba. Hatukuambiwa kwamba haba na haba inaweza pia kukipunguza kibaba hadi kikabaki kitupu, na aliyekishika akaitwa mwizi. Funzo hilo la pili sikulipata darasani. Nililipata mezani pa nyanya yangu, karibu na Elburgon, mbele ya kikokotoo cha zamani ambacho kwa miaka mingi hakuna mtu wa nyumba ile aliyethubutu kukiwasha.

Kikokotoo chenyewe ni cha mezani, cha aina iliyotumika maofisini katika miaka ya 1970 na 1980. Ni kizito kama tofali, na rangi yake iliyokuwa nyeupe sasa ni ya manjano. Kina kiwambo cheusi ambacho tarakimu zake huwaka kijani, na nyuma yake pana nafasi ya bunda la karatasi nyembamba inayopigwa chapa kwa utepe wa wino wa rangi mbili: mweusi kwa namba za kawaida, mwekundu kwa namba hasi. Juu ya vitufe pana safu ya swichi ndogo za kusukumwa kushoto na kulia. Chini ya kila swichi, na kando ya baadhi ya vitufe, babu alikuwa amebandika kipande cha plasta nyeupe chenye neno la Kiswahili kwa mwandiko wa karani: SENTI, BEI, AKIBA, IDADI, JUMLA KUU. Ni swichi moja tu ambayo haikupewa jina. Hiyo ilipewa amri: USIGUSE.

Sharti nieleze kwanza mashine hii ilifikaje pale. Babu alikuwa karani wa chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa pareto. Msomaji wa leo huenda asiifahamu pareto. Ni mmea wenye maua meupe yenye kiini cha manjano, unaopenda baridi ya nyanda za juu kama Molo, Elburgon na Mau Narok. Maua huchumwa kwa mkono, hukaushwa, kisha kiwandani hukamuliwa dawa ya kuua wadudu. Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa ikiongoza duniani kwa zao hili, na maua ya nchi nzima yalipelekwa Nakuru, kwenye kiwanda cha Bodi ya Pareto. Mkulima hakulipwa kwa uzito peke yake. Bei ya kilo ilitegemea kiasi cha dawa kilichopimwa ndani ya maua. Hivyo bei ilikuwa haitabiriki, na mara nyingi ilikuja na senti zake.

Kazi ya babu ilikuwa kugawa. Hundi ilipofika, alichukua orodha ya wanachama, akazidisha kilo za kila mmoja kwa bei ya mwezi, akaandika karatasi ya malipo, kisha pesa zikatiwa katika bahasha. Kwa miaka mingi alifanya kazi hiyo kwa penseli. Mwishoni mwa 1985 alikwenda Nakuru kwenye mnada wa vitu chakavu vya ofisi, akanunua kikokotoo hiki kwa fedha zake mwenyewe. Hakikuja na kijitabu cha maelezo. Aliyemkabidhi alimwonyesha namna ya kukiwasha na kuzidisha. Kuhusu swichi ile moja alimwambia, kama nyanya anavyokumbuka, "Hiyo ilivyo ndivyo ilivyo, usiiguse." Babu alirudi nyumbani akaandika neno hilo kwenye plasta.

Tangu Januari 1986 malipo yakaanza kupungukiwa. Kila mwezi bahasha chache za mwisho zilikosa pesa. Kiasi chenyewe hakikuwa kikubwa: shilingi mia moja na ushei. Mwezi wa kwanza na wa pili babu alijazia kutoka mfukoni mwake, akidhani amekosea kuhesabu noti. Mwezi wa tatu alijumlisha karatasi ya malipo mara tatu, na mara zote tatu jumla ikazidi hundi. Akaipeleka habari kwa kamati. Kamati ikazidisha jumla ya kilo zote kwa bei ya kilo, ikapata kiasi kilekile cha hundi, senti kwa senti. Basi hundi ilikuwa sahihi. Kilo zilikuwa sahihi. Bei ilikuwa sahihi. Kilichobaki ni karani. Ikasemwa kwamba amekuwa akiwaongezea jamaa zake, au kwamba kati ya wanachama wale 286 kuna majina hewa. Babu alipojitetea kwamba mashine ndiyo iliyotoa hesabu hizo, mmoja wao alimjibu kwamba mashine haina tumbo.

Kufikia Septemba upungufu ulikuwa shilingi 1,243. Babu aliambiwa alipe, kisha akaambiwa asirudi kazini. Aliuza mtamba mmoja aliyekuwa karibu kuzaa. Deni likaisha, lakini jina halikuisha. Watoto wake, akiwemo mama yangu, walikwenda shule wakiitwa watoto wa "Bwana Senti". Mnamo 1992, ghasia zilipozuka sehemu za Molo na familia nyingi zikahama usiku, nyanya aliondoka na watoto, magodoro mawili na sanduku lenye mashine ile. Nilipomuuliza kwa nini alibeba mzigo mzito usio na faida, alinijibu, "Ndiyo iliyokuwa shahidi pekee, mjukuu wangu, ila haikuwa na lugha." Babu alifariki mwaka 1999. Mimi sikumfahamu ila kwa picha, na kwa mwandiko wake juu ya plasta.

Desemba 2023, nikiwa likizoni, niliomba ruhusa ya kukipeleka kikokotoo kwa fundi mmoja karibu na soko la Wakulima mjini Nakuru. Nilikipakata kwenye matatu kutoka Elburgon, tukapita Njoro, abiria wakiniuliza kama ni redio. Fundi alibadilisha waya wa stima uliotafunwa na panya, akasafisha ndani kwa brashi, kisha akaudondoshea utepe uliokauka wino wa mhuri. Akakiunganisha. Kiwambo kikawaka sufuri moja ya kijani. Sikutarajia kwamba sufuri ingenigusa moyo.

Nyumbani nilianza kazi ya kukielewa. Jaribio la kwanza lilinifedhehesha. Niliandika tano, nikabonyeza kitufe cha kutoa, nikaandika tatu, nikabonyeza kitufe chenye alama ya kujumlisha na ya usawa kwa pamoja. Karatasi ikatoka na jibu jekundu: hasi mbili. Tano kutoa tatu kuwa hasi mbili! Nilidhani fundi ameiharibu. Kumbe kosa lilikuwa langu. Mashine za namna hii zilirithi desturi ya mashine za kale za kujumlishia: namba hutangulia, alama hufuata. Nilipobonyeza tano kisha kutoa, niliiambia, "shilingi tano, zimetoka." Nilipobonyeza tatu kisha kujumlisha, niliiambia, "shilingi tatu, zimeingia." Ikanijibu kwa haki kwamba nadaiwa mbili. Anayezungumza Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Sisi pia husema kitu kwanza, ndipo tukaeleza hali yake: mtoto mzuri, deni kubwa. Tangu hapo sikukosea tena.

Nilifuata swichi moja baada ya nyingine, nikiandika katika daftari kila nilichojaribu na kila kilichojibiwa. Swichi ambayo babu aliiita SENTI huamua tarakimu ngapi zibaki baada ya nukta ya desimali. Ilikuwa na alama F, 4, 3, 2, 0 na A. Kwenye F nukta huelea popote jibu linapotaka. Kwenye 2 hubaki tarakimu mbili, yaani shilingi na senti. Kwenye 0 hubaki shilingi kamili. Ile A ilinichezea: niliandika 250 nikajumlisha, mashine ikaandika 2.50. Hiyo ni njia ya makarani wa fedha, ambao kila namba yao ina senti, kwa hiyo mashine huwawekea nukta wao wasihangaike. Plasta ya SENTI ilikuwa sahihi kabisa.

Swichi ya K, ambayo kwa babu ilikuwa BEI, huishika namba moja ya kuzidisha ili usiirudierudie. Ukiandika bei mara moja, kisha ukaandika kilo za kila mkulima na kubonyeza usawa, mashine huzidisha kwa bei ileile hadi utakapoibadilisha. Wataalamu wangeiita namba isiyobadilika. Babu aliiita kwa kazi yake. Vitufe vya kumbukumbu aliviita AKIBA, kwa kuwa ndiko anakoweka namba ili aje kuichukua. Kihesabio cha mara ngapi namba imejumlishwa alikiita IDADI. Niliposoma nadharia ya tafsiri chuoni, nilifundishwa kutafsiri dhima kabla ya umbo. Karani huyu, aliyesoma hadi darasa la nane, alikuwa amelifanya hilo kwa plasta na kalamu ya wino.

Ikabaki swichi ya USIGUSE. Ilikuwa na nafasi tatu: mshale wa kwenda juu, alama ya 5/4, na mshale wa kwenda chini. Ilikuwa imesimama kwenye mshale wa juu, na vumbi lililoganda pembeni mwake lilionyesha kwamba haikusogezwa kwa miaka mingi. Nakiri kwamba mkono wangu ulisita. Nilimtazama nyanya. Akasema, "Aliyekatazwa amekwisha kwenda. Wewe hukukatazwa."

Niliweka SENTI kwenye 2, nikagawa kumi kwa tatu, halafu ishirini kwa tatu, katika kila nafasi. Majibu halisi ya hesabu hizo hayana mwisho: 3.333 na kuendelea, na 6.666 na kuendelea. Kwenye mshale wa juu mashine iliniandikia 3.34 na 6.67. Kwenye mshale wa chini, 3.33 na 6.66. Kwenye 5/4, 3.33 na 6.67. Nikarudia kwa namba nyingine, na mambo yakawa yaleyale. Maana yake ikajitokeza. Mshale wa juu hupandisha kila kinachobaki, hata kiwe kidogo namna gani. Mshale wa chini hukata kila kinachobaki na kukitupa. Alama ya 5/4 ndiyo ya katikati: tarakimu inayokatwa ikiwa tano au zaidi, hupandisha, ikiwa nne au pungufu, huteremsha. Ndiko kukadiria tulikofundishwa katika hisabati ya shule ya msingi.

Nikakumbuka kwamba ndani ya sanduku mlikuwa na bunda moja la karatasi lililofungwa kwa uzi. Lilikuwa limepigwa chapa kwa wino, si kwa joto kama risiti za siku hizi zinazofifia baada ya miezi michache, kwa hiyo lilisomeka. Lilikuwa malipo ya mwezi mmoja wa 1986, na kando ya kila mstari babu alikuwa ameandika kwa penseli namba ya mwanachama. Bei ya mwezi huo ilikuwa shilingi 13 na senti 35 kwa kilo. Nilisoma mstari wa kwanza: kilo 12, shilingi 161. Nikazidisha kwa penseli: 160.20. Wa pili: kilo tisa na nusu, shilingi 127. Penseli yangu: 126 na senti 82 na nusu. Wa tatu: kilo 20, shilingi 267. Penseli: 267 kamili. Miguu ikaniishia nguvu, nikavuta kiti.

Chama kilikuwa kikilipa kwa shilingi kamili, maana kupata ndururu na thumuni za kutosha bahasha 286 lilikuwa jambo gumu. Ndiyo sababu babu aliweka SENTI kwenye 0. Hilo peke yake halikuwa na dhara. Kama swichi ya pili ingekuwa kwenye 5/4, mkulima huyu angepata senti ishirini zaidi, yule angepata senti ishirini pungufu, na mwishowe zingefidiana. Lakini swichi ilikuwa juu. Kila aliyekuwa na senti zozote juu ya shilingi alipandishwa hadi shilingi ya mbele. Hakuna hata mmoja aliyeteremshwa.

Nilikesha siku mbili nikiyahesabu upya malipo yote 286. Jumla ya kilo ilikuwa 4,118, na hundi iliyostahili ni shilingi 54,975.30. Kwa swichi iliyo juu, kama ilivyokuwa, malipo yalifika shilingi 55,115. Yalizidi hundi kwa shilingi 139 na senti 70. Kwa swichi iliyo chini, yangekuwa shilingi 54,840, na wakulima wangepunjwa shilingi 135 na senti 30. Kwa swichi iliyo katikati, yalifika shilingi 54,973. Tofauti na hundi ingekuwa shilingi 2 na senti 30 tu, kiasi ambacho babu angekimaliza mwenyewe bila hata kumwambia mkewe.

Wastani wa ziada kwa kila mwanachama haukufika nusu shilingi. Nani angeshuku nusu shilingi? Kamati ilipochukua majina mawili ikayakagua, iliona senti chache zimezidi, ikasema hizo ni kwa sababu ya uhaba wa sarafu, ikaendelea kuzitafuta shilingi mia moja arobaini mahali pengine. Ilikuwa ikiruka juu ya kile kilichokuwa kikitafutwa. Hapakuwa na majina hewa, wala jamaa waliopendelewa. Pesa zilizopotea zilikuwa katika bahasha za wanachama wote, pamoja na bahasha za wanakamati waliomfukuza.

Kwa nini nafasi hiyo ya juu ilikuwepo? Huenda ofisi iliyoimiliki mashine hapo awali ilikuwa ikiandika ankara za wateja, na mwenye kudai hupenda kupandisha. Mashine ileile ikahamia kwa mwenye kulipa, na hakuna aliyeiarifu kwamba imebadilisha upande. Na kwa nini watu waliiamini kuliko karani wao? Vikokotoo vya kielektroniki vya mezani havikuwa vya kale. ANITA ya Uingereza ilitolewa mwaka 1961. Ile ya kwanza ya Sharp, CS-10A ya 1964, ilikuwa na uzito wa kilo 25. Mnamo 1971 kampuni ya Intel ilitoa kichakataji cha 4004, kilichoundwa kwanza kwa ajili ya kikokotoo cha kampuni ya Busicom ya Japani, na tangu hapo mashine zikazidi kuwa ndogo na rahisi. Katika 1986 kifaa cha namna hii bado kilikuwa kitu cha heshima katika ofisi ya ushirika. Kilitoka ng'ambo, kilipiga chapa, hakikuchoka. Karani alikuwa mtu tu.

Wala tusidhani kwamba ni wanyonge wa Elburgon peke yao walionaswa na mtego huu. Soko la hisa la Vancouver, nchini Kanada, lilianzisha kielelezo chake mnamo Januari 1982 kikiwa na alama 1,000. Kila mara kilipohesabiwa upya, kompyuta ilikata tarakimu zilizozidi tatu baada ya nukta badala ya kuzikadiria. Hesabu hiyo ilirudiwa mara nyingi mno kila siku. Kufikia Novemba 1983 kielelezo kilionyesha karibu alama 525, kana kwamba soko limeporomoka, ilhali thamani yake sahihi ilikuwa karibu 1,099. Mshale wa chini, mara nyingi. Tofauti ni kwamba kule walirekebisha namba wikendi moja, na sidhani kuna karani aliyeuza mtamba.

Nilimaliza hesabu nikiwa na furaha iliyochanganyika na hasira. Nyanya alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Sasa utamwambia nani?" Wengi waliokuwa katika kamati wamekwisha kufa. Aliyebaki ni mhazini wa zamani, mzee aliyepita miaka themanini, anayeishi upande wa Molo. Nilikwenda kwake nimebeba mashine, daftari na bunda la karatasi.

Alinipokea vizuri. Nilipomwambia mimi ni mjukuu wa nani, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Keti, mwanangu." Sikumweleza neno. Nilimwomba anitajie namba yake ya uanachama. Bado aliikumbuka: 41. Nikafungua karatasi hadi kwenye 41. Kilo 21, shilingi 281. Nikampa penseli. Mzee yule hakutaka mashine. Alizidisha kwa mkono, polepole, akinong'ona namba kama tulivyofundishwa sote. Akapata 280.35. Akarudia. Akapata ileile.

"Senti sitini na tano," alisema.

Nikamwonyesha swichi. Nikaisogeza chini, katikati, juu, naye akazidisha kila mara na kusoma majibu. Kisha nikamwonyesha jumla tatu katika daftari langu. Alizitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekula."

"Hukula, mzee. Ulilipwa tu, hukujua."

"Mtu aliyeuza mtamba wake," akanijibu, "angeona tofauti gani?"

Sikuwa na jibu, na sina hata sasa. Jumapili iliyofuata alikuja nyumbani kwetu kwa bodaboda, amevaa koti, kofia mkononi. Alikunywa chai. Walizungumza na nyanya juu ya mvua, viazi, na waliofariki. Kikokotoo kilikuwa mezani kati yao, na hakuna aliyekitaja. Alipoinuka kuondoka alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya kutusikilizisha sote, "Mama, mume wako hakuiba."

Nyanya alimjibu, "Mimi nilijua tangu siku ile. Nilikuwa nikiwangoja ninyi."

Naam, wenzangu wa chama na walimu wetu, nimeisimulia habari hii katika jarida la Kiswahili wala si la hisabati, na nadhani mmeona kwa nini. Tumezoea kuijadili istilahi kama suala la utaalamu: tuseme kikokotoo au kikokotozi, tukope au tuunde, tufuate kamusi ipi. Mijadala hiyo ina thamani yake, nami hushiriki kwa moyo. Lakini mara nyingi neno letu huishia kwenye jina la chombo, halishuki hadi kwenye swichi zake. Tukishakiita kikokotoo tunaona tumemaliza, ilhali mtumiaji amebaki na mishale miwili na alama ya 5/4 ambayo haimwambii kitu kwa lugha yoyote anayoijua.

Babu alijitahidi. Kila alichokielewa alikipa jina, na majina yake yalikuwa mema kuliko mengi niliyoyaona vitabuni. Mahali pamoja tu alipokosa maana, hakupaacha patupu. Alipajaza amri aliyopewa na mtu mwingine. Nadhani ndivyo ilivyo kwa kila pengo la lugha katika maisha ya watu. Pasipo na maelezo huja katazo, na katazo likishakaa muda mrefu huheshimiwa kama elimu. Leo mama mboga wa Nakuru ana simu inayomkata ada, ina menyu, ina masharti ya mkopo. Mkulima wa maziwa hulipwa kwa hesabu ya kompyuta asiyoiona. Ndani ya kila kimoja cha vyombo hivyo kuna mtu aliyeamua senti ziende juu au chini. Ni nani atakayewaandikia plasta?

Mimi nimeandika moja. Kabla ya kurudi chuoni nilichukua kipande cheupe, nikaandika maneno matatu kwa mpangilio wa swichi: PANDISHA, KADIRIA, TEREMSHA. Nilitaka kuibandua ile ya zamani, nyanya akanizuia. Akasema huo ni mwandiko wa mumewe, nao hauna kosa lolote ila kwamba uliandikwa na mtu asiyeambiwa. Basi plasta zote mbili zipo, moja juu ya nyingine, na swichi nimeiacha katikati.